Probox, Fielder au Legacy? Kuchagua stesheni wagoni iliyokwisha kula kilometa

Anayetafuta gari la buti refu kwa bei ya mkononi hapa Afrika Mashariki mara nyingi huishia kwenye magari matatu: Toyota Probox pamoja na pacha wake Succeed, Toyota Corolla Fielder, na Subaru Legacy. Yote ni stesheni wagoni za Kijapani, yote yameshapita mikononi mwa watu kadhaa, na mita zake zimevuka kilometa laki mbili, au zingekuwa zimevuka kama hazikurudishwa nyuma. Ninayolinganisha hapa ni yale yaliyojaa barabarani kwa sasa: Probox ya 2002 hadi 2014, Fielder ya 2000 hadi 2012, na Legacy ya 2003 hadi 2009.

Yalipotoka kiwandani, Legacy ndiyo ilikuwa gari bora kuliko hayo mengine mawili. Hilo sibishi. Lakini gari la miaka 15 au 20 unalinunua pamoja na kile kinachoelekea kuharibika, fundi atakayelifungua na duka litakalokuuzia spea. Ukipima hivyo, mpangilio unageuka, na kwa watu wengi jibu linakuwa Fielder ya 1.5 au Probox iliyotunzwa. Legacy inabaki kwa mtu wa aina moja tu, nitamtaja mbele.

Jambo la kujua kwanza ni wapi unanunua. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo magari haya ya kizazi hiki kule yanapatikana kwa Mkenya mwenzako tu, yakiwa yameshatembea barabara za Kenya kwa miaka mingi. Tanzania bado yanaingia kutoka Japani, ila umri unaongeza ushuru. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Probox ya 2010 iliyoshuka bandarini mwaka huu na Probox ya 2010 iliyokuwa ikibeba abiria kwa miaka kumi ni magari mawili tofauti, hata kama mita zake zinasoma sawa.

Kabla ya injini, kagua mita

Gari lililotoka Japani huwa na cheti cha kufutiwa usajili, na humo huandikwa kilometa zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa kule. Omba nakala. Kama gari limeshabadilisha wamiliki watatu na cheti hakionekani, angalia pale mkono na mguu vinapogusa kila siku: raba ya pedali ya breki, usukani pale mikono inaposhika, na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, ambapo mtu hujisugua kila anapoingia na kutoka. Gari la kilometa 90,000 haliwi na pedali iliyolika upande mmoja mpaka mistari ya raba imefutika. Ukiikuta hivyo, mita usiijadili tena, jadili bei.

Kwa Legacy kuna kitu cha ziada. Fungua boneti utafute stika ndogo kwenye kava la mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa kufuata mzunguko wa krenki, au pembeni yake. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda huo hubandika stika yenye tarehe na kilometa. Stika ikiwepo, una ushahidi wa mkanda na ushahidi wa mita kwa pamoja. Isipokuwepo, hesabu kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa, na gharama yake uitoe kwenye bei kabla hujatoa pesa.

Injini ya Toyota: ugonjwa mmoja, lakini usiupuuze

Probox ya 1.5 na Fielder ya 1.5 zinatumia injini ileile, 1NZ-FE ya cc 1,496. Ipo pia Probox ya 1.3 yenye injini ya 2NZ-FE. Kwa gari utakalopakia mzigo, iache, itachoka kabla yako. 1NZ-FE inatumia mnyororo wa taimingi, hivyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilometa fulani. Pampu ya maji iko nje, inazungushwa na mkanda wa kawaida, na fundi yeyote wa mtaani anaibadilisha bila kugusa mnyororo. Koili za plagi zikifa, injini inakuwa na kwikwi na taa ya injini inawaka. Unabadilisha koili moja, maisha yanaendelea.

Ugonjwa wake wa uzeeni ni kula oili. Injini nzima inachukua takriban lita 3.7 pamoja na filta. Ikila lita moja kati ya sevisi na sevisi, imeshapoteza zaidi ya robo ya oili yote, na iliyobaki ndiyo inafanya kazi ya yote: inapata joto zaidi na kuchafuka haraka zaidi. Wengi husubiri taa nyekundu ya kindoo iwake kwenye dashibodi. Taa hiyo inapima presha ya oili, kiwango haikijui kabisa. Ikiwaka, oili imeshapungua hadi pampu inavuta hewa, na beringi za krenki zimeshaanza kusagana.

Kwa hiyo unapokwenda kuangalia Probox au Fielder, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Fika asubuhi. Shika injini kwa kiganja. Ikiwa na joto, kuna kitu alitaka kukificha. Vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, mwenyewe ameshakujibu bila kuulizwa. Ikiwa juu kabisa na angavu kama asali mpya, imewekwa jana, kwa hiyo chungulia kwenye kifuniko cha kujazia oili: utando mweusi mzito chini yake unaonyesha gari lililokuwa halibadilishwi oili.

Kisha muombe mtu mwingine awashe, wewe simama kwenye bomba la ekzosti. Moshi wa bluu unaotoka mara moja tu gari likiwashwa na kupotea baada ya muda mfupi unaelekeza kwenye sili za valvu. Hizo fundi mzuri anazibadilisha bila kushusha injini, na si gharama ya kukukimbiza. Moshi wa bluu unaotoka kila ukikanyaga mafuta gari likiwa limeshapata moto unaelekeza kwenye ringi za pistoni, na hapo injini lazima ifunguliwe au ibadilishwe. Ukisikia mnyororo unaparuza kwa sekunde chache asubuhi halafu unanyamaza, tenshena yake, yaani kifaa cha kuukaza, imechoka au oili imekuwa ikishuka mara kwa mara. Moshi wa aina ya kwanza unakupa nafasi ya kupunguziwa bei. Moshi wa aina ya pili, kama hukujipanga kununua injini, ondoka.

Fielder ya 1.8 ina tahadhari yake. Nyingi ya zile za 2000 hadi 2006 zina injini ya 1ZZ-FE, na za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa pistoni ambazo matundu yake ya kurudisha oili yanaziba, ringi zinaganda, na gari linakula oili kuliko 1NZ. Nikiwa na fedha ya Fielder ya kizazi hicho nachukua ya 1.5 bila kufikiri mara mbili. Fielder ya 1.8 ya kuanzia 2006 ina injini ya familia ya 2ZR, ambayo ni injini nzuri na haina ugonjwa huo.

Injini ya Subaru: raha yenye masharti

Legacy ya 2.0 na ya 2.5 ina injini ya familia ya EJ, mitungi imelala pande mbili. Ndiyo inayolifanya gari likae chini, lishike barabara, lipite kona za Sekenke au mteremko wa Mai Mahiu bila kuyumba. Nani aliyewahi kuendesha Legacy nzima akakubali kwamba Probox ni sawa nayo? Lakini injini hiyo ina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilometa 100,000, na mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Kwa hiyo ukibadilisha mkanda unabadilisha pia tenshena, roda (puli) zake na pampu, vyote kwa pamoja. Roda moja ya zamani ikikwama, inakata mkanda mpya, na katika nyingi ya injini hizi mkanda ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kazi iliyokuwa ya siku moja inakuwa ya kununua injini.

La pili ni gasketi ya silinda hedi. Injini ya 2.5, ambayo utaikuta kwenye Outback (Legacy iliyoinuliwa), ndiyo yenye sifa mbaya zaidi, ya 2.0 ina nafuu, ingawa ikishachemshwa mara moja nayo haina uhakika. Dalili zinaanza polepole. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inapungua na hakuna tone chini ya gari. Mpira wa rejeta wa juu unaukuta mgumu asubuhi kabla gari halijawashwa. Kwenye kopo la akiba la maji mapovu yanapanda injini ikiwa inanguruma, na mafuta meusi yanaelea juu ya kulanti. Chuchumaa pia uangalie kwa tochi pale hedi inapokutana na bloku upande wa chini, kwa sababu kwenye injini iliyolala uvujaji hushukia huko na mtu anayeangalia kutoka juu haoni kitu.

Kubadilisha gasketi hizo vizuri kunataka injini ishushwe, hedi zipelekwe mashine zikasawazishwe, na boliti zikazwe kwa spana ya kipimo. Hapa ndipo wamiliki wengi wa Subaru huumia: fundi wa Toyota aliye hodari kabisa anaona aibu kukataa kazi, anaifunga kwa mkono, na baada ya wiki chache gari linachemsha tena. Hata plagi, ambazo kwenye 1NZ ni dakika ishirini, kwenye Legacy zimejificha ubavuni na mkono hauingii vizuri. Harufu ya oili inayoungua ukisimama kwenye foleni haina uzito kama huo: mara nyingi ni gasketi za kava za valvu, oili inadondokea kwenye ekzosti.

Gia boksi

Probox na Fielder za mwanzo zina gia otomatiki ya kawaida ya hatua nne, na ukibadilisha hidroliki yake kwa wakati inaishi muda mrefu kuliko bodi. Fielder ya 1.5 ya kuanzia 2006 mara nyingi ina CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua. Hii inataka fluidi yake maalumu. Fundi akiweka hidroliki ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, ameanza kuiua. Ijaribu kwa kuondoka taratibu kutoka kusimama, mara kadhaa, gari likiwa limepata moto. Likitetemeka kama linasitasita katika mwendo wa kilometa 20 au 30 kwa saa, achana nalo, au nunua kwa bei ya gari lisilo na gia boksi.

Probox yenye gia za mkono ni adimu na wanaoijua huigombania. Klachi ni rahisi, na hakuna kingine cha kuogopa.

Legacy inaendesha magurudumu yote manne muda wote, na hilo lina sharti ambalo wauzaji hawalisemi: matairi yote manne lazima yawe na ukubwa mmoja na kulika kunakolingana. Ukipata pancha mbaya ukaweka tairi jipya moja na matatu ya zamani, mfumo wa kugawa nguvu unasuguana saa zote. Gari likiwa gumu kukata kona kali kwenye maegesho, kama linajivuta lenyewe, kagua matairi kwanza, kisha anza kuwa na wasiwasi.

Chini ya gari, na buti

Probox ni gari la kazi, kwa kawaida limeandikishwa Japani kama gari la mizigo, na kiwanda kinaruhusu kilo 400 ukiwa na watu wawili. Nyuma ina ekseli nzima yenye koili springi, vitu vichache vya kulika. Fielder nayo nyuma ni rahisi, bushi mbili kubwa na shokapu. Legacy ina mikono mingi nyuma, kila mkono na bushi zake, na zikishalegea zote gari linaanza kulia kwenye matuta huku fundi akibadilisha moja moja bila kupata sauti inakotoka. Mbele, yote matatu yatakudai boljointi, tairodi na stabilaiza linki. Kwenye barabara zetu huwezi kulikwepa hilo.

Lakini hizo kilo 400 za Probox zimedharauliwa sana. Kutoka Meru Probox zinakimbiza miraa, Kisii zinabeba abiria, na huku Tanzania ni miongoni mwa magari madogo ya abiria tunayoyaita michomoko, watu wawili kiti cha mbele, wanne nyuma na wengine kwenye buti. Abiria hao wamekaa pasipo kiti wala mkanda, na siwezi kuandika juu ya uimara wa Probox bila kusema kwamba uimara huo umetumika kuhatarisha watu. Kwa mnunuzi, gari la namna hiyo linatambulika. Tandua zulia la buti uangalie pale shokapu ya nyuma inapofungwa: alama za kuchomelea, nyufa au rangi mpya mahali pamoja ni ushahidi. Tazama kama nyuma imeinuliwa kwa springi za kuongeza, kama milango ya nyuma imelegea kwenye bawaba, kama kitambaa cha kiti cha nyuma kimeisha kuliko cha mbele. Nikikuta mawili kati ya hayo, siendelei.

Kwa familia, Fielder inaizidi Probox waziwazi. Kiti cha nyuma cha Probox ya mizigo ni chembamba na kimesimama wima. Watoto watakaokaa hapo kutoka Dar hadi Moshi watafika wamechoka kuliko dereva. Fielder ina viti vya gari la nyumbani, buti lenye nafasi ya kutosha masanduku na gunia la mchele, na viti vikilazwa unapata sakafu karibu tambarare. Legacy ndiyo tulivu kuliko zote, ingawa inakunywa mafuta zaidi, na kwa mtu wa foleni za kila siku hilo linaonekana haraka mfukoni.

Spea, fundi, na swali la kufungua injini

1NZ-FE imo pia kwenye Vitz, IST, Sienta, Raum, Porte, Premio na Allion za 1.5. Maana yake ni kwamba Gerezani Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala utaikuta spea yako kwenye duka la kwanza, na hata mji wa wilaya utakosa kitu gani? Tatizo la Toyota ni wingi wa feki. Kwa filta, plagi, boljointi na pampu ya maji lipa zaidi kwa muuzaji anayekubali kuandika risiti na kupokea kitu kikirudi. Spea za Legacy zipo kwenye miji mikubwa. Ukiwa Sumbawanga au Lodwar, unaagiza na gari linakusubiri gereji.

Injini ikifika mwisho, una njia mbili. Kwa 1NZ iliyochoka ringi, naona injini ya mtumba kutoka Japani inashinda ovahoo (kuifungua na kuitengeneza upya ile uliyonayo) mara nyingi, kwa sababu zimejaa, zinashindana bei, na kazi ya kuifunga ni ya muda mfupi. Ovahoo inafaa pale tu unapokuwa na fundi wa mashine unayemwamini na spea halisi za ndani, kwani pistoni na ringi za bei rahisi zitakurudisha kulekule. Kabla ya kulipia injini hiyo, linganisha kichwa cha throto: 1NZ za mwanzo zinavutwa kwa kebo, za baadaye ni za umeme, na zikichanganywa utaishia kukata waya na kutafuta kontroli boksi. Mwambie muuzaji aifungue kifuniko cha oili mbele yako, na muandikiane muda wa garantii.

Kwa Subaru ushauri wangu ni kinyume. Injini ya mtumba ya EJ inakuja na gasketi za umri uleule na mkanda usiojulikana umri, kwa hiyo kama bloku yako ni nzima, kutengeneza hedi vizuri kunakupa uhakika zaidi. Na kama utafunga ya mtumba, weka mkanda, roda, pampu na gasketi mpya ikiwa bado iko chini, kabla haijaingia kwenye gari.

Hivyo basi: mwenye duka, shamba au kazi ya kupeleka bidhaa achukue Probox ya 1.5 iliyokuwa ya kampuni au ya mtu binafsi, ya gia za mkono akiipata. Mwenye familia achukue Fielder ya 1.5, ya otomatiki ya hatua nne kama anaishi mbali na gereji inayoelewa CVT. Legacy ya 2.0 ni ya yule anayeishi karibu na fundi anayefanya Subaru peke yake, anayesafiri masafa marefu au njia za tope, na ambaye baada ya kulipia gari bado ana fedha ya mkanda na gasketi mkononi. Akikosa moja kati ya hayo matatu, aende kwenye Fielder. Nissan AD na Wingroad nazo zipo, bei yake huwa chini kidogo, ila nje ya miji mikubwa spea zake hazipatikani kirahisi kama za Toyota, na ndiyo sababu sikuziweka kwenye ulinganisho huu.

Injini yoyote utakayofunga, namba yake ibadilishwe kwenye kadi ya gari mwezi huohuo, na risiti yake uiweke pamoja na kadi. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na kadi halina mnunuzi makini, na polisi wakilikagua barabarani wewe ndiye utakayetakiwa kueleza ile ya zamani ilikwenda wapi.